Historia ya picha za vivuli vya mimea: kutoka jani la Wedgwood hadi skrini ya kipakatalishi

Wiki hii tuweke PHP na hifadhidata kando kidogo. Mada ni kamera, majani na jua. Wale waliokuja hapa kutafuta msimbo wasikimbie. Tutaufikia mwishoni, na nadhani utakuwa na maana zaidi mkijua ulikotoka.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Silueti ni picha ambayo kitu kinatokea cheusi tititi huku nyuma yake kukiwa kweupe. Hakuna rangi wala mikunjo. Kinachobaki ni ukingo wa umbo tu. Makro nayo ni upigaji picha wa karibu sana, kiasi kwamba kitu cha sentimita moja kinachora taswira ya sentimita moja, au zaidi, juu ya filamu au sensa ya kamera. Ukiziunganisha hizo mbili, jani changa la kangaga linasimama kama mnara, na vinyweleo vya shina la mnyanya ambavyo huwa huvioni vinajitokeza kama miiba ya dungusi kakati.

Siku hizi watu huzipiga picha hizi nyumbani, dirishani au mezani, na wengi hudhani ni mtindo uliozaliwa na kamera za dijitali. La hasha! Vivuli vya majani ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa kunaswa kwa mwangaza, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuketi mbele ya kamera. Tena historia yake imejaa mambo ambayo sisi watu wa programu tunayajua vizuri: kazi iliyopotea kwa kukosa kuhifadhiwa, vita vya hataza, watu walioachilia uvumbuzi wao bure, na mwanamke mmoja aliyefanya kazi kubwa ajabu halafu jina lake likasahaulika.

Waziri aliyegeuzwa kivuli

Neno silueti linatokana na jina la mtu. Étienne de Silhouette aliteuliwa kusimamia hazina ya Ufaransa mwezi Machi 1759, enzi za mfalme Louis XV, wakati nchi ilikuwa ikigharamia Vita vya Miaka Saba. Akajaribu kubana matumizi na kuwatoza matajiri kodi. Yaliyompata unaweza kuyakisia: kufikia Novemba mwaka huo huo alikuwa ameondoka ofisini. Wafaransa wakaligeuza jina lake kuwa kejeli, wakalitumia kwa vitu vya bei rahisi. Wakati huo kulikuwa na mtindo wa kukata sura ya mtu, akionekana kwa ubavu, kutoka kwenye karatasi nyeusi. Ilikuwa picha ya wale wasio na uwezo wa kumlipa mchoraji. Jina likazigandia picha hizo na halijabanduka hadi leo.

Kwa hiyo tangu mwanzo silueti ilikuwa picha ya mwananchi wa kawaida, isiyohitaji fundi mkubwa wala rangi za gharama. Shikilia jambo hilo, tutalihitaji.

Jani kwenye noti

Kabla ya kemia kuingia, njia ya kupata umbo la jani lenyewe, bila kulichora kwa mkono, ilikuwa kulipaka wino au masizi na kulikandamiza kwenye karatasi. Katika makaratasi ya Leonardo da Vinci yanayoitwa Codex Atlanticus kuna jani lililochapwa namna hiyo.

Aliyeitumia mbinu ya majani kwa ujanja zaidi ni Benjamin Franklin. Katika miaka ya 1730 alikuwa mpiga chapa huko Philadelphia, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuchapa noti za makoloni ya Waingereza ya Marekani. Noti bandia zilikuwa tatizo kubwa. Franklin akaamua kuweka umbo la jani halisi, pamoja na mishipa yake yote, upande wa nyuma wa noti. Mchongaji hodari anaweza kuiga herufi na nembo, lakini mishipa ya jani hupungua unene kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na hakuna majani mawili yanayolingana kabisa. Namna alivyolihamisha jani hadi kwenye chuma cha kuchapia aliifanya siri.

Ukilitazama kwa jicho la leo, Franklin alichukua kitu kilichojiumba chenyewe akakifanya ufunguo: ni rahisi kukagua kwa macho, ni vigumu kughushi.

Wedgwood: kazi isiyo na kitufe cha kuhifadhi

Sasa tuingie kwenye mwangaza. Katika karne ya 18 wanakemia walikuwa tayari wanajua kwamba chumvi za madini ya fedha hugeuka nyeusi zikipigwa na jua. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alilichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1777. Aligundua pia kwamba amonia huyeyusha kloridi ya fedha ambayo haijaguswa na mwangaza, lakini ile iliyogeuka nyeusi haiyeyuki. Kumbuka sentensi hiyo.

Thomas Wedgwood, mwana wa mfinyanzi mashuhuri wa Uingereza Josiah Wedgwood, alilowesha karatasi na ngozi nyeupe kwa nitrati ya fedha, akaweka juu yake jani au bawa la mdudu, kisha akaanika juani. Penye jua pakawa peusi, palipofunikwa na jani pakabaki peupe. Pale ambapo mwangaza ulipenya kidogo kupitia nyama ya jani, mishipa ikatokea. Mwaka 1802 rafiki yake Humphry Davy akaandika taarifa ya majaribio hayo katika jarida la Royal Institution la London. Davy mwenyewe alikuwa ameongeza jaribio moja: kwa kutumia hadubini ya jua, yaani hadubini inayotupa taswira iliyokuzwa ukutani kwa nguvu ya jua, alifaulu kunakili maumbo ya vitu vidogo sana kwenye karatasi hiyo. Kwa maneno mengine, wazo la makro lilizaliwa siku moja na wazo la picha.

Lakini kulikuwa na tatizo moja baya. Hawakujua kuusimamisha mchakato. Karatasi iliyokuwa nyeupe chini ya jani ilikuwa bado na chumvi ile ile, kwa hiyo ukiileta mwangani kuitazama, nayo inaanza kuwa nyeusi. Picha zilitazamwa kwa mshumaa, haraka haraka, kisha zikarudishwa gizani. Ni kama programu inayoandika kila kitu kwenye RAM bila kugusa diski: stima ikipotea, umebaki mikono mitupu. Wedgwood alifariki mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 34, na hakuna picha yake hata moja inayojulikana kubakia.

Kinachouma ni kwamba dawa ilikuwa imeandikwa na Scheele miaka 25 kabla. Amonia ingeosha chumvi iliyobaki na kuacha ile nyeusi. Taarifa ilikuwepo, imechapishwa, ila hakuna aliyeiunganisha na tatizo.

Talbot na toleo lililokaa kabatini

Oktoba 1833, Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa mapumzikoni kando ya Ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa kifaa kinachoitwa camera lucida. Michoro ikawa mibaya. Akajiuliza kama maumbile yanaweza kujichora yenyewe. Mwaka uliofuata, nyumbani kwake Lacock Abbey, akaanza majaribio.

Talbot alikuwa pia mwanabotania, kwa hiyo vitu vya kwanza kuvikimbilia vilikuwa majani, maua na nyasi, pamoja na vitambaa vya lesi. Alipaka karatasi maji ya chumvi ya kawaida, akaikausha, akaipaka nitrati ya fedha. Kisha akagundua jambo la ajabu: chumvi kidogo huifanya karatasi iwe nyepesi kuathiriwa na mwangaza, lakini chumvi nyingi huizuia. Basi akianika jani juani, akishapata picha anaizamisha karatasi katika maji yenye chumvi kali, na kasi ya kuharibika inapungua sana. Hakikuwa kitufe kamili cha kuhifadhi, ila sasa picha ilidumu.

Bado kivuli kilikuwa kinyume, jani jeupe juu ya giza. Talbot akaona kwamba unaweza kuichukua karatasi hiyo, ukailaza juu ya nyingine mpya, ukaanika tena. Ya pili inatoka na jani jeusi kwenye weupe: silueti halisi. Zaidi ya hapo, kutoka kwenye ile ya kwanza unaweza kutoa nakala kumi au mia. Yeye naye alitumia hadubini ya jua kupata picha za vipande vyembamba vya mashina ya mimea, ambapo vijirundo vya mirija ya maji vinaonekana kama matundu ya nta ya nyuki.

Halafu akafanya nini? Akaviweka vyote kando akashughulikia mambo mengine! Mpaka tarehe 7 Januari 1839, Paris ilipotangaziwa uvumbuzi wa Louis Daguerre. Talbot akakurupuka. Tarehe 25 mwezi huo picha zake zilikuwa zinaonyeshwa Royal Institution, na tarehe 31 makala yake ikasomwa mbele ya Royal Society. Yeyote aliyewahi kukalia mradi miaka kadhaa akingoja uwe safi, kisha akaona mwingine ametoa wake, anaelewa hali ya Talbot mwezi huo.

Hataza kwa mmoja, bure kwa mwingine

Hapa ndipo mambo yanapofanana kabisa na mijadala yetu ya programu huria.

Serikali ya Ufaransa ilimpa Daguerre malipo ya uzeeni, na tarehe 19 Agosti 1839 mbinu yake ikatangazwa hadharani itumiwe na ulimwengu wote bila malipo. Kulikuwa na nchi moja iliyoachwa nje: siku chache kabla ya hapo, wakala wake alikuwa ameichukulia hataza Uingereza. Talbot naye akaboresha mbinu yake na kuichukulia hataza mwaka 1841. Aliyetaka kuitumia kibiashara alilazimika kununua leseni. Alilegeza masharti mwaka 1852, na mwaka 1854 akashindwa kortini alipojaribu kumzuia mpiga picha aliyeitwa Laroche.

Mtu wa tatu katika hadithi hii ni John Herschel, mwanaastronomia. Alikuwa ameishi Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, kuanzia 1834 hadi 1838, akiorodhesha nyota za anga la kusini. Mchana, yeye na mkewe Margaret walichora maua ya huko: John anafuatisha ukingo wa ua kwa camera lucida, Margaret anajaza rangi. Walitengeneza zaidi ya 100 namna hiyo. Yaani, hata kabla ya kusikia habari za upigaji picha, mzee huyu alikuwa tayari kazini akiandama kingo za mimea.

Herschel alisikia habari za Daguerre Januari 1839. Akakumbuka kwamba mwaka 1819 yeye mwenyewe alikuwa amegundua chumvi inayoyeyusha misombo ya fedha, ambayo wapiga picha waliizoea kwa jina la haipo. Kwa siku chache tu akawa ametatua shida iliyomshinda Wedgwood. Hakuiuza. Alimwambia Talbot, na dunia nzima ikaitumia. Filamu nyeusi na nyeupe huoshwa kwa dawa ya jamii hiyo mpaka leo. Maneno hasi na chanya katika upigaji picha ni yeye aliyeyaanzisha.

Mwaka 1842 akatoa kitu kingine: sayanotaipu. Haina fedha hata chembe. Unachanganya chumvi mbili za chuma, unapaka karatasi, unaikausha gizani, unaweka jani, unaanika juani. Miale ya urujuanimno inabadilisha chuma, na inazaliwa rangi inayoitwa bluu ya Prussia. Kuhifadhi? Unaosha kwa maji matupu. Sehemu iliyofunikwa na jani inasafishika na kubaki nyeupe, iliyopigwa na jua inabaki bluu. Gharama ndogo, dawa mbili, hatua chache, hakuna leseni.

A.A.

Mtu aliyeona maana ya jambo hilo kabla ya wengine wote alikuwa Anna Atkins. Alizaliwa Tonbridge, Kent, mwaka 1799, mama yake akafariki Anna akiwa mchanga. Baba yake, John George Children, alifanya kazi British Museum na alifahamiana na Herschel na Talbot. Kwa ajili ya tafsiri ya baba yake kuhusu kombe za baharini, iliyotoka katika miaka ya 1820, Anna alichora zaidi ya michoro 250. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa hodari, na aliujua vizuri mpaka wake.

Mwaka 1841 kilitoka kitabu cha William Harvey kuhusu mwani wa Uingereza. Kilikuwa na maelezo mengi ila hakikuwa na picha. Mwani wenyewe ni mgumu kuchora: matawi membamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, yanayolala moja juu ya jingine. Anna akaamua kutoa picha zinazokosekana. Akaulaza mwani uliokaushwa juu ya karatasi ya sayanotaipu, akaubana kwa kioo, akaanika juani, akaosha. Hata maandishi, yaani majina ya Kilatini na utangulizi, aliyapata kwa njia hiyo hiyo, kwa kuandika kwa mkono kwenye karatasi inayopenya mwanga na kuyaacha maandishi yatoe kivuli.

Sehemu ya kwanza ya Photographs of British Algae ilitoka Oktoba 1843. Kitabu cha Talbot, The Pencil of Nature, kilianza kutoka mwaka 1844. Kwa hiyo kitabu cha kwanza duniani kuwa na picha za mwangaza ni cha Anna, tena chote ni vivuli vya mimea.

Sasa piga hesabu. Aliendelea miaka kumi, hadi 1853, akifikisha kurasa za picha takriban 400. Hakuna mashine ya kunakili hapa: kila nakala ya kila ukurasa ilianikwa na kuoshwa peke yake. Nakala zinazojulikana leo hazizidi ishirini hivi, nyingine hazijakamilika, lakini hata hizo chache ni maelfu ya karatasi, katika nchi ambayo jua lenyewe ni la kubahatisha. Baadaye, pamoja na rafiki yake wa tangu utotoni Anne Dixon, alitengeneza vitabu vingine vya makangaga na mimea yenye maua.

Hakuviuza madukani. Aliwagawia marafiki na taasisi, ikiwemo Royal Society, ambayo haikumpokea mwanamke kuwa mwanachama wake kamili mpaka mwaka 1945. Na katika utangulizi wa kitabu alitia herufi mbili tu: A.A.

Alifariki mwaka 1871. Miaka ya mwisho ya karne hiyo, mkusanyaji mmoja wa Glasgow, William Lang, alikipata kitabu na kwanza akadhani A.A. ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpenda fani asiyejulikana. Baadaye jina likapatikana, lakini historia nyingi za upigaji picha ziliendelea kumpita. Ni utafiti wa Larry Schaaf, na kitabu chake Sun Gardens cha mwaka 1985, uliomrudisha Anna Atkins mahali pake. Leo maktaba ya umma ya New York imeweka kurasa zake mtandaoni na unaweza kuzitazama bure.

Na sayanotaipu? Kuanzia miaka ya 1870 wahandisi waligundua kwamba kinachonakili mwani kinaweza kunakili ramani. Kwa miongo mingi michoro ya majengo na mashine ilitoka kwenye karatasi za bluu zenye mistari myeupe. Kwa Kiingereza zikaitwa kwa rangi yake, na jina hilo likabaki likimaanisha mpango wa kazi yoyote.

Blossfeldt: fundi wa chuma na kamera ya mbao

Tuhamie Ujerumani. Karl Blossfeldt alizaliwa mwaka 1865 katika milima ya Harz, akajifunza ufundi katika kiwanda cha kusubu chuma, kisha akaenda Italia kumsaidia Moritz Meurer, aliyekuwa akikusanya mimea iwe mifano ya kufundishia michoro ya mapambo. Kuanzia mwaka 1898 Blossfeldt alifundisha katika shule ya sanaa za mikono mjini Berlin.

Shida yake ilikuwa ya mwalimu. Mimea inanyauka. Tena kilicho muhimu, kwa mfano jinsi jani linavyojikunja kabla ya kufunguka, ni kidogo mno kuonekana na darasa zima. Basi akatumia kamera ya kujitengenezea, yenye mfuko mrefu wa kukunjika kati ya lenzi na bamba la kioo. Siri ya makro ni umbali huo. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 na ukaisogeza hadi milimita 100 kutoka kwenye filamu, taswira inalingana na kitu chenyewe, moja kwa moja. Ukiendelea kuisogeza mbele, inazidi kukua. Gharama yake ni mwanga: kwenye moja kwa moja unahitaji mwanga mara nne, na ukikuza mara tatu unahitaji mara kumi na sita.

Picha zake zingine zilikuza mmea hadi mara 30. Alitumia mwanga laini wa mchana na kadibodi ya kijivu, nyeupe au nyeusi nyuma ya mmea. Si silueti kamili, maana ndani ya umbo kuna vivuli vya kijivu, ila ukingo ndio unaotawala picha. Mashina yanaonekana kama nguzo za makanisa, na vikonyo vya kangaga kama chuma kilichofuliwa na mhunzi. Hayo si ajabu, mpiga picha mwenyewe alikuwa mtu wa chuma.

Alipiga picha kama 6,000 kwa zaidi ya miaka 30, na karibu zote zilikuwa vifaa vya darasani. Karl Nierendorf alizionyesha katika jumba lake la sanaa mjini Berlin mwaka 1926. Kitabu Urformen der Kunst, chenye picha 120, kikatoka mwaka 1928. Blossfeldt akawa maarufu akiwa na miaka 63, na akafariki miaka minne baadaye.

Kutoka kivuli hadi nambari

Hatua ya mwisho ni ya kwetu. Kamera ya dijitali inakupa pikseli, kila moja na thamani kati ya 0 na 255. Katika silueti, ukizihesabu, unapata vilima viwili: kimoja cha pikseli nyeusi, kingine cha nyeupe, na bonde katikati. Ukate wapi? Mwaka 1979 Mjapani Nobuyuki Otsu alichapisha jibu: jaribu kila thamani, uchague ile inayofanya kila kundi lifanane zaidi ndani kwa ndani. Haihitaji mtu akae akikisia. Katika maktaba ya OpenCV ni mstari mmoja:

cv2.threshold(picha, 0, 255, cv2.THRESH_BINARY + cv2.THRESH_OTSU)

Mwaka 2011, vyuo vikuu vya Columbia na Maryland pamoja na Smithsonian vilitoa programu ya simu iitwayo Leafsnap. Uliweka jani la mti juu ya karatasi nyeupe, ukalipiga picha, programu ikatenga silueti yake, ikapima mipindo ya ukingo kwa vipimo vidogo na vikubwa, kisha ikakutajia aina za miti zinazokaribiana. Ilijua miti 185 ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Programu zilizofuata, kama Pl@ntNet, zilihamia kwenye mitandao ya neva inayotazama picha nzima na rangi zake. Lakini angalia mduara huo: Franklin alitumia jani kama ufunguo usioigika, na baada ya karibu miaka 280 kompyuta ikausoma ufunguo huo.

Jaribu nyumbani

Huhitaji studio ya pesa. Fanya hivi:

1. Tafuta mwanga wa nyuma. Dirisha lililofunikwa kwa karatasi nyeupe nyembamba linatosha. Usiku, fungua ukurasa mweupe kwenye kipakatalishi na uongeze mwangaza wote.

2. Simamisha mmea kati ya kamera na mwanga. Kama unatumia skrini, weka mmea sentimita 20 au zaidi mbele yake, la sivyo pikseli za skrini zitaonekana kwenye picha kama wavu.

3. Zima taa za chumbani. Mwanga wowote unaougonga mmea kutoka mbele unaharibu weusi.

4. Kwenye rununu, gusa sehemu nyeupe ya picha, si mmea. Simu itapunguza mwanga na mmea utageuka mweusi. Kama picha ina mistari ya mlalo, skrini yako inapepesa. Tumia kasi ndogo ya shata na uegemeze simu mahali imara.

5. Chagua mmea bapa na uulaze sambamba na lenzi. Katika makro, eneo linaloonekana wazi linaweza kuwa chini ya milimita moja. Tawi linalokuja mbele litafifia, na silueti isiyo na ukingo mkali si silueti.

6. Pitisha picha kwenye Otsu. Kama matokeo yana madoa, mwanga wako wa nyuma haujasambaa sawasawa.

Kisha lipo la saba, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike haya yote. Picha za Wedgwood zilipotea kwa kukosa dawa. Za Atkins zilidumu, lakini yeye karibu apotee kwa kukosa jina. Pale East African Herbarium, katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, mmea uliokaushwa huambatana na kikaratasi: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na aliyeuchuma. Bila kikaratasi hicho ni nyasi kavu tu. Picha yako pia ni hivyo. IMG_0042 haimwambii mtu kitu. Andika jina la mmea, hata la lugha ya kwenu, mahali, tarehe, na jina lako kamili ndani ya faili lenyewe, kwenye sehemu za EXIF na IPTC. Programu ya bure iitwayo ExifTool itakufanyia picha mia kwa amri moja.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye hifadhidata.